Fimbo za kulengea za kaboni zenye kibanio: miguu safi sana, kibanio sikubaliani nacho

Wadau wa uwindaji habari zenu, nimekaa na hizi fimbo za miguu mitatu za kuegemezea bunduki wakati wa kulenga msimu mzima sasa na naona watu wanaulizana kila siku kama zinafaa, basi acha niseme niliyoyaona. Kwanza mjue naongea kama nani, mimi siyo mpigaji, mimi ndo nabeba fimbo. Traka yuko mbele anasoma nyayo, mimi niko nyuma yake na fimbo begani, halafu anafuata kiongozi wa msafara na mgeni wake mwenye bunduki. Mnyama akionekana kazi yangu ni kusimamisha fimbo mbele ya mgeni bila kelele, nashika mguu mmoja usiteleze, naziba sikio la upande wa mtutu. Kuanzia hapo mpaka mlio, kila kitu nakiona kwa umbali wa mkono mmoja, namna anavyohema, namna kidole kinavyoingia kwenye traiga kabla jicho halijatulia, yote.

Fimbo tulizozoea ni miti mitatu tu. Unakata michanga iliyonyooka, unamenya gamba, unaacha ikauke kivulini, juu unafunga na kipande cha tyubu ya gari, basi. Haina mlio, ikivunjika unakata nyingine, na inanuka moshi kama sisi wenyewe. Shida yake ni moja, urefu ni uleule. Mgeni mrefu anainama kama anachungulia dirishani, mfupi anasimama kwa vidole, na mkiwa kwenye mteremko ndo kabisa, unahangaika kutanua miguu huku mnyama ameshainua kichwa.

Hizi za kaboni hapo zimetukomboa kweli. Kila mguu unarefuka kwa vipande, unazungusha kufuli kidogo unakaza, unaweza kuzishusha mgeni akapiga amepiga goti au amekaa chini kabisa. Juu kuna panda yenye mpira ndani, bunduki inakaa bila kuteleza, na panda inazunguka yenyewe, kwa hiyo mnyama akitembea unamfuata taratibu bila kunyanyua miguu ardhini. Nyepesi, siku nzima begani husikii. Kaboni pia haigongi kama zile za alumini ambazo ukizipitisha kwenye kichaka zinalia kama sufuria. Kufuli ndo zina kamlio kadogo ka "tik", nimezivika vipande vya tyubu ya baiskeli pakatulia.

Mtu anaweza kuona nakuza mambo kwa vijiti vitatu, lakini ndugu zangu heshima ya uwindaji wote iko hapo. Dume la mbogo linaweza kupita kilo 700, mgeni akiliona anadhani popote atakapopiga amepata, kumbe moyo wake umekaa chini kabisa katikati ya miguu ya mbele, mapafu yako juu yake kidogo, na nyuma ya hapo ni tumbo. Ukimpata pazuri anakimbia kidogo, mnasikia ameanguka, halafu unakuja ule mlio wake wa mwisho, mrefu na mzito, ambao ukishausikia mara moja huusahau. Ukimpiga tumbo anaingia kwenye kichaka kizito na anawasubiri. Damu inasema yote, ya mapafu ni ya waridi ina povu, ya tumbo ni nyeusi nyeusi imechanganyika na majani aliyokula. Ndo maana nchi nyingi za Afrika kiwango cha chini cha bunduki kwa wanyama hatari ni .375, yaani unene wa risasi kwa inchi, risasi iliyokuwepo tangu 1912, na ndo maana sehemu nyingi mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabiwa kwenye kibali kama ameuawa. Nakubaliana na hiyo sheria asilimia mia. Lakini ukubwa wa risasi haumsaidii mtu ambaye mikono inatetemeka, na mbele ya mbogo kila mkono unatetemeka, wa mgeni na wa mwenyeji. Fimbo nzuri inaondoa ule mtetemeko, kwa hilo hizi nazipa alama zote.

Sasa kibanio.

Ndani ya boksi kuna kitu unachoweza kukifunga badala ya panda, kama jiliwa dogo la fundi, linang'ata kitako cha bunduki ikasimama yenyewe bila kushikwa. Na karatasi iliyokuja nalo ina picha ya mtu amesimama juu ya mlima, maneno yanasema utapiga mpaka mita 800. Hapo ndo mimi na mtengenezaji tunaachana njia.

Tulikuwa na mgeni mmoja, mtu mzuri tu, ana adabu, ametoka kwao amejifunza kupiga mbali kwenye uwanja wa shabaha. Tukaona pofu dume, yule swala mkubwa, ng'ambo ya bonde, pekee yake, shingo imevimba, mzee kweli wa kuwindwa. Kipima umbali kikasema zaidi ya mita 500. Traka wetu, mzee ambaye nyayo zimemzeesha, akaonyesha kwa mkono kwamba upepo unatufaa, tushuke na korongo, nusu saa tunakuwa karibu yake. Mgeni akasema hapana, kutokea hapa naweza, na kibanio kipo. Kiongozi akasita halafu akakubali. Nikafunga kibanio. Sijisikii vizuri kuandika hivyo lakini nilikifunga mimi kwa mikono yangu.

Bunduki ilikuwa imetulia kama imejengewa, siwezi kusema fimbo zilitikisika. Ila kwa umbali ule risasi inakaa hewani zaidi ya nusu sekunde, na ndani ya hiyo nusu sekunde pofu alipiga hatua moja. Hatua moja tu ya kwenda kula jani lingine. Tukasikia ule mlio wa "pwu" kama mtu amepiga gunia lenye maji, na mzee bila hata kuinua darubini akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, hiyo ni ya tumbo." Mgeni alitaka kuongeza ya pili haraka, bunduki imebanwa inatazama palepale, mpaka nilegeze skrubu pofu ameshapotea kwenye miti. Na huyo ni pofu, angekuwa mbogo aliyekaribu anakuja mbele yetu nisingekuwepo kuandika hapa.

Tulifuata mpaka giza. Tulilala kwenye gari, alfajiri tukaanza tena, jua limeshapanda ndo tukaona tai wanazunguka. Fisi walishafika usiku. Nyama yote imeharibika, wenzetu Waislamu ambao kwa kawaida wanakimbia na kisu wamuwahi akiwa hai wamchinje hawakuwa na la kufanya, na hata sisi wengine hakuna aliyegusa. Mzee akakata tawi bichi akamfunika usoni, hakusema kitu. Mgeni naye alivua kofia akakaa chini, namsifu kwa hilo, hakuomba picha. Baadaye akanieleza kwamba Wajerumani wana desturi yao ya zamani, mnyama akianguka anawekwa kitawi mdomoni kama tonge lake la mwisho, na mwindaji anapewa kitawi kingine avae kofiani. Nikamwambia basi tunafanana.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasifia umbali naumia. Klabu ya Boone and Crockett ya Marekani, ile aliyoianzisha Theodore Roosevelt na wenzake 1887, wao ndo walisimamisha ile kanuni ya kumwinda mnyama aliye huru porini bila wewe kujipa faida isiyo ya haki, na kwangu mimi maana yake ni kwamba mnyama lazima awe na nafasi ya kukusikia, kukunusa na kukukimbia. Ukiwa mita 800 pua yake na masikio yake yote umeyafuta. Na kabla ya klabu yoyote kulikuwa na Wata wa kule Kenya, wawindaji wa tembo kwa upinde mgumu na mshale wenye sumu ya mti wa msunguti, hao walikuwa wanasogea mpaka karibu kabisa na tembo ndo wanaachia, upepo ukigeuka wanarudi nyumbani. Hata kwenye dini, Mtume alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kulengea. Mimi naona mtu anayejipima umbali kwa mwili wa mnyama yuko jirani sana na hilo katazo, aende akapige mabati.

Najua humu wapo wanaosema uwindaji wote ufungwe. Kenya walifunga 1977 mpaka leo, Botswana walisimamisha 2014 wakafungua tena 2019, kila nchi na uamuzi wake na mimi siwatukani wanaochukia hii kazi. Yule simba Cecil wa Zimbabwe mwaka 2015, watu walilia kwa sababu alikuwa na jina na kola ya watafiti, mimi lililonikaa rohoni ni kwamba alipigwa mshale akabaki na jeraha masaa mengi ndo akamalizwa. Yale masaa. Hata anayependa uwindaji kuliko wote hana jibu la yale masaa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kununua. Chukua, ila tumia panda. Kabla ya safari fanya mazoezi umesimama kwenye fimbo zenyewe, siyo umekaa mezani na mifuko ya mchanga, mita 50 kisha 100, mpaka risasi zote ziingie ndani ya kisosi cha chai. Mbogo wengi wanapigwa ndani ya mita 100, huhitaji zaidi ya hapo, na ukiwa karibu hivyo ndo unaweza kumwangalia pembe vizuri, kama zile sehemu mbili juu ya paji zimeshakutana na kuwa ngumu kama jiwe au bado katikati ni laini na nywele, yaani bado kijana, umwache. Ukimbeba kijana kwa sababu ulimwona kama doa jeusi kwenye skopu umeliibia kundi dume lake la kesho.

Kwa mtengenezaji, badilisheni ile karatasi ya kwenye boksi. Na vile viatu vya mpira vya miguuni vinachomoka kwenye tope, kimoja changu kilibaki kwenye kidimbwi mwezi wa pili tu wa kutumia, wekeni vya ziada. Kibanio nimekifungua, kipo kwenye boksi la spana kwenye gari, mzee aliniuliza kama bado ninacho nikamwonyesha kilipo, akafunga boksi tukaendelea na safari.