Saa ya kengele mbili kutoka Mgandini, kwa mtu anayeweweseka

Nianze na bei, najua ndiyo mnayoitafuta. Sh. 14,000. Kijana wa mezani, nje kidogo ya soko la Mgandini, alianzia 18,000 na shikamoo mbili za kunilainisha. Nikaichukua, nikaigeuza mgongo, nikatia ufunguo kidogo nikaiweka sikioni. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, springi mbovu naijua kwa kuisikiliza. Nikamwambia kumi na nne. Akaifunga kwenye gazeti.

Ni ile saa ya kizamani ya mezani, ya bati, kengele mbili kichwani kama masikio na kinyundo katikati. Haili betri. Nyuma ina funguo mbili, mmoja wa saa, mwingine wa kengele.

Sikuinunua iniamshe asubuhi. Asubuhi ya Makorora ina adhana, majogoo na bodaboda, ukilala hapo umekufa. Niliinunua iniamshe saa tano na dakika 25 za usiku, nikae macho kidogo, kisha nilale tena. Msicheke.

Tangu mwezi wa tatu nilikuwa naweweseka. Na kuweweseka siyo kukabwa na jinamizi. Jinamizi likikukaba unajijua, unataka kupiga kelele mdomo haufunguki. Mimi ni kinyume chake: kelele napiga, miguu inakimbia, mwenyewe sipo. Haya yote nimesimuliwa na mke wangu. Anasema nilikuwa nikiketi ghafla, macho yamenitoka, jasho chapachapa, nikipiga ukelele "Inaondoka! Ishikeni!" Ni nini hicho kinachoondoka, sijui mpaka leo. Usiku mmoja nilifika mlango wa uani na chandarua kichwani, kimechanika kutoka pindo mpaka juu. Asubuhi nikaamka zangu salama, nikauliza nani kachana chandarua. Aliniangalia tu.

Chanzo hakikuhitaji ramli. Nilikopa kwa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kali, nilete mzigo wa spea, tairi na tyubu na spoku. Mzigo ukachelewa, rejesho halikuchelewa. Meseji za kunikumbusha deni zinaingia saa tatu usiku, saa nne, nyingine nimeshajifunika shuka. Nikawa sitaki hata kwenda kulala, nakaa kibarazani na kahawa mpaka watu wote waondoke.

Shangazi akashauri kisomo. Tukafanya, na kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa, nikanywa. Simdharau shangazi, siku tatu nililala kama mtoto. Siku ya nne mke wangu alikuwa amenikumbatia kiuno pale mlangoni, ananivuta ndani.

Hospitali nilikwenda kwa aibu. Daktari alimhoji mke wangu kuliko mimi: analala saa ngapi, inaanza saa ngapi, inachukua dakika ngapi, anakoroma mpaka pumzi zinakatika? Mimi niliulizwa pombe na dawa ninazotumia. Kisha akatueleza kwamba hali hii huja kwenye usingizi mzito kabisa, theluthi ya kwanza ya usiku. Mwili unaamka nusu na akili imebaki huko chini, ndiyo maana sikumbuki kitu. Ndoto mbaya ya kawaida huja zaidi kuelekea alfajiri, na hiyo mtu huamka nayo. Halafu akanimaliza: aliyekosa usingizi, siku akiupata huzama zaidi, na kuweweseka huzidi. Kumbe ile kahawa ya kuukwepa usingizi ndiyo niliyokuwa nachochea kuni.

Mke wangu naye alipata yake. Asinitikise tena, asinimwagie maji, asipambane na mimi. Aseme nami polepole, anielekeze kitandani. Spana na bisibisi zilizokuwa uvunguni zihamishwe. Simu ikalale sebuleni. Nilale saa nne na nusu kila siku, na yeye aandike kwenye daftari kila ninapoanza. Wiki mbili baadaye daftari likasema lenyewe: saa sita kasoro robo, saa sita kasoro kumi, saa sita kasoro robo tena. Daktari akasema basi, niamshwe kama dakika 20 kabla ya hapo, nikae macho dakika tano, nirudi kulala, hivyo kwa mwezi. Alikiri kwamba njia hii imejaribiwa zaidi kwa watoto. Na kwa kuwa simu imefukuzwa chumbani, ndiyo nikaenda Mgandini.

Sasa saa yenyewe.

Tiki-taki yake haivumiliki. Mchana huisikii, usiku inakuwa kama mtu anagonga msumari. Niliiweka ndani ya sufuria nikidhani itanyamaza, sufuria ikaikuza kama ngoma. Mwisho ikatulia juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, kwenye stuli upande wa mke wangu.

Kengele ni balaa jingine. Usiku wa kwanza mpangaji wa chumba cha mbele alitoka na panga, akidhani nimevamiwa. Nikakata kipande cha tyubu, nikakivisha kinyundo kama soksi. Sasa inagonga dup-dup-dup, sisi wawili tunaisikia na jirani hajui. Fanyeni hivyo, ni dawa.

Inabaki nyuma pia. Siku ya kwanza ilipoteza dakika saba. Nyuma kuna kijiti kidogo kwenye kitundu chenye alama za kujumlisha na kutoa; nikakisogeza na ncha ya sindano upande wa kujumlisha, kidogo tu, ukizidisha itakimbia. Sasa inapoteza mbili. Kishale cha kengele hakina mistari ya dakika, unakadiria, kwa hiyo inaweza kulia saa tano na 20 au na 35. Kwa mwenye basi la alfajiri pale stendi ya Kange, hii haimfai hata kwa bure.

Na mkumbuke hii saa haijui usiku na mchana. Ukitia kengele ufunguo ukasahau kubonyeza kile kitufe cha juu, italia tena saa tano asubuhi. Ililia mke wangu akiwa na wenzake wa kikoba sebuleni. Aliwaambia ni saa ya kumeza dawa.

Kazi yenyewe je? Nasoma kwenye daftari. Kabla yake, usiku nne au tano kwa wiki. Wiki ya kwanza ya kengele, mbili. Ya pili, moja. Ya tatu na ya nne hakuna, ni mistari tu. Tukaacha kuitega. Wiki moja baadaye mkopeshaji akanifuata kijiweni mchana, akasema mbele ya wateja, na usiku ule ule nikaamka mbio. Tukaitega tena siku kumi.

Kwa hiyo sifa zote siwezi kuipa saa. Kahawa naishia alasiri, simu inalala sebuleni, na mkopeshaji tumekubaliana nilipe kwa wiki badala ya kwa siku, nimebakiza marejesho sita. Kipi kimenitibu zaidi sijui. Mimi nilikuwa nimelala.

Ndiyo maana hata nyota za kuipima saa hii, kati ya tano, nimeona nisitoe mimi. Nimemuuliza aliyekuwa macho. Amesema nne, na ya tano ataitoa siku nitakayomletea chandarua.