Walimwambia mama yangu angepanda basi

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa nikingoja hasira zishuke. Hazijashuka. Kila nikimtazama mama hapa Kisumu, ameegemea mto na mjukuu yuko mapajani, nalisikia upya neno aliloambiwa Nairobi: "Kama mlikuwa na haraka, si mngepanda basi?"

Aliambiwa yeye, si mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza na mimi ndiye niliyeshika tiketi, lakini yule dada wa kaunta ya kampuni ya ndege alipochoshwa na maswali yangu alimgeukia mama, akamtupia yeye neno hilo, kisha macho yakarudi kwenye kompyuta. Mama ana miaka 74 na goti la kulia halimsaidii. Alikuwa macho tangu saa tisa za usiku. Watu wa foleni nyuma yetu walisikia wote.

Kampuni siitaji jina. Siiogopi, na malalamiko yangu nimeyapeleka kwao kwa maandishi. Ila ndani ya habari hii wamo vijana wawili wa kampuni hiyo hiyo waliotutendea wema, na mmoja wao pengine alilegeza utaratibu kidogo kwa ajili yetu. Sitaki atafutwe.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Likizo ndefu ya Desemba, kwetu Amu, yaani Lamu, kumejaa wageni na wenyeji waliorudi makwao, na viti vya ndege ni vya kugombania. Mdogo wangu wa kike ameolewa Kisumu na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Akika, siku ya kumnyoa mtoto na kumtaja jina, ilipangwa siku ya saba, baada ya swala ya alasiri. Mama akasema atakwenda, na mama akisema atakwenda hakuna wa kumzuia.

Nilikwenda kwa wakala wao mjini nikauliza mambo mawili. La kwanza, ndege inatua wapi Nairobi? Mwenye kuunganisha ndege asiache kuuliza hilo, kwa sababu baadhi ya ndege za Manda, uwanja wetu wa Amu, hutua Wilson na nyingine Jomo Kenyatta, na kati ya viwanja hivyo kuna foleni ya magari ya Lang'ata na ya barabara ya Mombasa isiyomhurumia mtu mwenye tiketi. Akanihakikishia kwamba zote mbili ni Jomo Kenyatta. La pili, muda unatosha? Akahesabu kwa vidole: mnatua saa tatu na robo, ya Kisumu inaondoka saa sita kasorobo. "Mtakunywa chai mpaka mchoke kungoja." Nikalipa. Kampuni moja, risiti moja, pesa zimetoka mfukoni mwangu siku moja, saa moja.

Usiku wa kuamkia safari, saa nne hivi, ukaingia ujumbe kwenye simu. Ndege itaondoka mapema kwa saa nzima, mfike uwanjani saa kumi na mbili na nusu. Sababu haikutajwa. Asiyeijua Amu afahamu kwamba uwanja wetu hauko Amu. Uko Manda, kisiwa kingine, ng'ambo ya mkondo, na daraja hakuna. Ukiambiwa uwahi, unamwamsha nahodha. Nilimpigia nahodha wetu wa siku zote naye ameshalala, na hakuguna. "Nikuteni gatini mkishaswali," alisema, akakata simu.

Tukaswali alfajiri, tukatoka. Mama aliteremka kutoka mtaani kwetu Mkomani hadi usita wa pwani, ile njia ya kando ya maji, pole pole, mkono mmoja begani kwangu, mkono wa pili umeshika kikuba alichokitengeneza mwenyewe usiku ule, asumini na mrihani, amekizungushia kitambaa kibichi. Kilikuwa cha mzazi. Alisema Kisumu mtoto wake atapata kila kitu ila harufu ya kwao. Zilikuwa siku za bamvua na maji yamejaa hadi karibu na sakafu ya gati, basi akavuka kuingia botini kama anayevuka kizingiti cha nyumba. Nilimshukuru Mungu sana. Maji yakiwa yamekupwa, zile ngazi zenye utelezi goti lake lisingeziweza.

Manda tulifika kunapambazuka. Na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu nisipokuwa mkweli hapa hata huko mbele sitaaminiwa. Kijana wa mizani alitupokea kama watu wa nyumbani kwake. Mzigo ni kilo 15 kwa mtu na kikapu cha mama kilikuwa 18: halua, visheti, mikate ya mofa, kanga za mzazi. Nilikuwa nimeshatoa pochi nilipe. Yeye akamtazama mama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, halua itoe uipakate mwenyewe, hiyo si mzigo." Na ulipofika wakati wa kupanda, alimwona anavyochechemea, akamwachia mwenzake kazi, akamshika mkono mpaka kwenye ngazi ya ndege huku akimhesabia vidato: "Cha kwanza hiki, mama. Pumzika. Bado vitatu." Mama alimwombea dua palepale, na ile haikuwa dua fupi.

Lakini wakati wa kupanda ulichelewa mno kufika. Baada ya kutuamsha watu usiku kucha, ndege yenyewe haikuonekana mpaka saa tatu inakaribia. Ndege hizi hulala Nairobi. Zikikwama kule, sisi wa mwisho wa njia ndio tunaokaa tukitazama mbingu. Hilo nalifahamu na nisingeliandikia hata mstari mmoja. Kisha tukaruka, na baada ya muda mfupi nikaona tunashuka. Chini naona minazi na mabati. Malindi! Hakuna aliyetuambia tunapitia Malindi. Tiketi haikuandika Malindi.

Pale chini tulikaa karibu saa nzima, milango wazi, joto limetuelemea, abiria wapya wanaingia mmoja mmoja na mabegi ya likizo. Abiria mmoja aliyepandia hapo ndiye aliyenifumbua macho. Ndege yao ya Malindi ilifutwa tangu jana yake jioni, wakaambiwa watachukuliwa na ile ya Manda. Tangu jana yake jioni! Kwa hiyo ule ujumbe wa saa nne usiku walikuwa wanajua. Ile saa moja waliyotuondolea usingizini ilikuwa ya kuwapitia wa Malindi. Sina kinyongo na watu wa Malindi, nao walikuwa na safari zao. Nauliza tu kwa nini mtu aandike nusu ya habari kwenye simu ya mwenzake na nusu nyingine aifiche. Ningejua usiku ule, ningempigia wakala, ningeomba ndege ya Kisumu ya mchana, ningempigia shemeji asogeze akika mpaka magharibi. Mambo yote haya yanafanyika kwa simu moja.

Kijana wa pili mwema ni mhudumu wa ndani ya ndege. Alimhamisha mama kiti cha mbele anyooshe mguu, akamletea maji mara tatu, na nilipomwonyesha saa ya ndege yetu ya Kisumu alikwenda kuzungumza na rubani. Aliporudi alisema wamejaribu kupeleka habari mbele. Alisema kwa uso wa mtu anayeona haya kwa kosa lisilo lake.

Tulitua Nairobi zimebaki dakika kumi na tano. Kiti cha magurudumu nilichoomba siku ya kulipia hakikuwapo. Mama alitembea. Alitembea njia yote ile kwa mguu ule, na hakulalamika. Tulipofika kaunta imefungwa, ndege ya Kisumu bado iko pale nje.

Ndipo nikaanza kuuliza, na nauapia ulimi wangu kwamba nilianza kwa adabu. Dada wa kaunta akasema sisi tumechelewa. Nikamwambia ndege yenu ndiyo iliyochelewa, sisi tulikuwa ndani yake. Akasema hizo ni tiketi mbili, kila moja na namba yake, na ya Kisumu haijui habari za Manda. Hapo ndipo nilipoziangalia vizuri. Kweli, namba mbili. Wakala alikata safari moja vipande viwili, nami nikatazama bei na jina la kampuni nisitazame namba. Mkikata tiketi ya kuunganisha, dai namba moja kwa safari nzima, ili ndege ya kwanza ikikuchelewesha wasipate pa kukwepea. Mimi nimelijua hili nikiwa nimeshalipa shilingi 9,600 za kuhamishia viti viwili jioni.

Nilimwomba angalau mama apatiwe mahali pa kulaza mguu. Akavuta pumzi. "Nyinyi watu wa Pwani mna maneno mengi." Kisha akamgeukia mama: "Kama mlikuwa na haraka, si mngepanda basi?"

Mama hakujibu. Alirekebisha buibui lake, akatazama pembeni.

Sijui dada huyu basi la Amu analifahamu kwa kiasi gani, lakini analitaja mbele ya mtu anayelifahamu. Unavuka kwa boti hadi Mokowe, unapanda, unapita Hindi, unapita Witu, mpaka Gamba na Garsen, na njiani mnashuka kwa ukaguzi, vitambulisho mkononi, wazee kwa watoto. Miaka mingi tumesafiri kwa misafara inayosindikizwa na polisi. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, tuliwekewa kafyu, na mtu akisafiri nyumba nzima haipati utulivu mpaka apige simu kwamba amefika Malindi. Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa Nyongoro na watu wakauawa. Lami imekuja, barabara sasa ni nzuri, na kila siku watu wa Amu wanaipita kwenda hospitali na kwenye biashara zao, kwa sababu nauli ya ndege si ya kila mtu. Mama ameipita njia hiyo miaka na miaka, shanga za tasbihi zikienda mkononi tangu Mokowe hadi Garsen. Safari hii mimi na ndugu zangu tulichanga ili asiipite. Tulichanga kwa sababu hiyo hasa. Ndiyo maana neno lile halikutugusa kama maneno mengine ya kaunta. Lilikwenda moja kwa moja mahali tulipokuwa tunajaribu kumsitiri.

Tulikaa pale mpaka jioni. Alasiri ilipoingia mama aliswali kwenye kiti. Shemeji alipiga simu ya video, mtoto ananyolewa nywele, jina linatajwa, na mama akitazama kwenye kioo cha simu kilichopasuka pembeni, mtandao ukikatika na kurudi. Kisumu tuliingia saa tatu usiku. Kikuba kilikuwa kimesinyaa na kuwa rangi ya chai. Mdogo wangu alikipokea vivyo hivyo, akakinusa, akakiweka chini ya mto, akalia.

Sasa hukumu. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msipande ndege hii, tena niliseme kwa herufi kubwa. Kisha nimemwandika yule kijana wa Manda na mkono wangu umelegea. Huyo na mwenzake wa ndani ya ndege ningewapa nyota zote zilizopo. Rubani alitushusha salama kwenye upepo wa kaskazi, hilo nalo si dogo. Nikirudi kwenye kaunta, nyota hata moja ni nyingi. Basi niseme ndege ni nzuri na kampuni ni mbaya? Lakini hao vijana wawili ni akina nani kama si kampuni? Na yule dada, je, ni nani aliyemweka pale peke yake mbele ya watu wenye hasira, bila ruhusa ya kubadilisha tiketi hata moja? Mama ndiye aliyeniuliza swali hilo, kwa namna yake. Tukiwa tunangoja aliniambia, "Mwanangu, yule naye ameamka usiku kama sisi." Nikamwambia sisi hatukumtukana mtu. Akasema, "Hatukumtukana, alhamdulillahi," akanyamaza.

Mimi sijamsamehe. Nimeandika barua, nimedai zile 9,600 zirudi, na nimedai mtu wa cheo ampigie mama simu amwombe radhi yeye mwenyewe, kwa sauti. Pesa wanaweza kunizungusha nazo. Simu hiyo sitaiacha. Mpaka leo nimejibiwa ujumbe mmoja tu, kwamba malalamiko yangu yamepokelewa na ni muhimu kwao.

Tiketi za kurudi tunazo, kampuni hiyo hiyo, mwanzoni mwa mwaka. Juzi nilimwambia mama nitazirudisha hata kwa hasara, tushuke kwa treni hadi Mombasa, tupumzike kwa shangazi, kisha tutafute njia nyingine ya kufika Amu. Akafikiri kidogo huku akimpapasa mtoto mgongoni, kisha akauliza kama siku hiyo yule kijana wa mizani atakuwa kazini Manda, maana amemwekea kanga ya mkewe kutoka sokoni hapa. Nikamwambia sijui kama ana mke. Akasema basi ya mama yake.

Tiketi sijazirudisha.