Gereji isiyo na bango Unga Limited: nilipeleka Canter imeunguza gasketi, nikarudi na injini mpya na mvi mbili

Hiyo gereji haina bango, nianzie hapo maana watu wananipigia simu wanapotea. Ukifika Unga Limited hapa Arusha unauliza tu kwa mzee wa injini za dizeli, kila mtu atakuonyesha njia yake, mwisho utakuta kontena limekatwa mlango, injini tatu nne zimelala juu ya matairi chakavu na mzee amekaa kwenye ndoo ya oili anasafisha kitu kidogo sana kwa mswaki. Ndo hapo.

Canter yangu ni lori lile la injini ya 4D33, silinda nne, lita 4.2, haina kompyuta haina sensa za kukusumbua, inabeba kitunguu kutoka Mang'ola kuleta soko la Kilombero hapa Arusha. Msimu uliopita tukiwa tunapandisha kutoka bonde la Eyasi kuja Karatu, mzigo umezidi kidogo (kidogo ni ngapi sisemi, watu wa mizani nao wanajua kusoma), dereva akaona mshale wa temperecha unapanda, akasimama akamwagia maji, ukashuka, akatembea kilomita mbili ukapanda tena. Akiwasha injini akifungua mdomo wa rejeta maji yanabubujika kama chungu cha makande wakati gari ndo kwanza imewashwa. Ukiona hivo usijidanganye, gasketi imeungua, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake), na moto wa ndani ya silinda umeshapata njia ya kuingia kwenye maji.

Mara ya kwanza nilipeleka gereji nyingine, jina sitaji, karibu tu na nyumbani. Asubuhi wakafungua hedi, jioni gari inanguruma, laki mbili na nusu. Mi nikafurahi. Gasketi mpya wameipaka silikoni juu na chini kama mkate na blubendi, boliti zilezile za zamani wamekaza kwa spana iliyochomekwa bomba ili iwe ndefu, hedi haikupelekwa popote kupimwa. Imekwenda safari nne. Ya tano ikafia Karatu na oili imekuwa chai ya maziwa kabisa, kitunguu nikahamishia gari ya mtu kwa bei ya kulia, Canter ikavutwa kwa mnyororo mpaka Arusha kama kilomita 140 hivi, tandiboi anasema hajawahi kula vumbi na moshi wa Fuso kiasi kile.

Sasa mzee. Nimefika nimemwamkia, nikategemea achukue spana. Hakuchukua. Akaanza maswali kama daktari wa zamani, ilichemka mara ngapi, mlimwagia maji ya baridi ikiwa ya moto, maji mnachota wapi, themostati ipo? Nikamwambia themostati, kile kidude kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikishapata moto, tulishaitoa zamani, si wote tunatoa. Akanyamaza. Af akaenda kwenye rejeta, akaangalia pale kwenye kizibo, akachomoa kitambaa na kipande cha mfuko wa nailoni ambacho dereva wangu alikuwa amezibia tangu kizibo chenyewe kipotee, sijui miezi mingapi. Akakishika juu hivi mbele ya vijana wake wote, akasema, "Baba, ugonjwa wako ndo huu, hayo mengine ni matokeo."

Nikaona mzee ananizingua. Akanielewesha, na hii nikaja kuhakikisha mwenyewe baadae. Sisi Arusha tuko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji yakiwa wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki ile 100 tuliyofundishwa shule. Kizibo kizima kina springi, kinabana presha ndani, ndo maana maji yanavumilia kupita hata 100 bila kuchemka. Ukiweka kitambaa presha hamna, ukipanda mlima na mzigo maji yanageuka mvuke pale juu kwenye hedi ambapo ndo moto ulipo, chuma kinapata joto upande mmoja kuliko mwingine, hedi inapinda, gasketi inaachia. Kwaio wale wa mwanzo hata wangekaza kwa mashine ya NASA ingeungua tena. Kizibo cha elfu 15!

Na hakuishia hapo. Aliposhusha maji ya rejeta akakuta mafuta mazito yamegandia ndani, akasema gasketi ikiungua inaweza kuchanganya maji na oili lakini oili kuingia kwenye maji kwa wingi hivi ananusa kitu kingine. Akafungua oili kula, yani kipoza oili ambacho maji na oili vinapita jirani bila kugusana, akaiziba huku akaipuliza hewa ya kompresa huku imezamishwa kwenye beseni la maji, mapovu yakatoka pembeni. Yani hiyo oili kula kweli ilikuwa inakula oili. Injini ikiunguruma presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, oili inaenda kwenye rejeta, ukizima presha ya oili inakufa, maji nayo yanarudi kwenye oili. Ningebadilisha gasketi mara ya tatu na chai ya maziwa ingebaki palepale. Kwa hili tu mi nampa heshima zake zote, sijakutana na fundi anatafuta sababu ya pili wakati ya kwanza ameshaipata na mteja yupo tayari kulipa.

Hedi ikapigwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) mbele yangu, kati ya silinda ya pili na ya tatu kibati cha milimita 0.15 kikapita bila kusukuma. Ikapelekwa kwa wale wenye mashine ikapimwa presha kama ina ufa, haikuwa nao, ikakatwa usawa. Hapa kuna kitu sikuwa najua, ukikata hedi valvu zinabaki zimejitokeza zaidi kuelekea pistoni, mzee alisubiri irudi akapima kila valvu imezama kiasi gani ndo akakubali. Akasema ukikata hedi bila kuangalia valvu umetengeneza nyundo.

Chini ndo nikalia. Oili yenye maji hailainishi kitu, beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, zilikuwa zimelika mpaka zimeshaonyesha shaba, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ina mistari ukipitisha ukucha unakwama. Krenki ikakatwa ikavalishwa beringi za 0.25, yani za krenki iliyopunguzwa robo milimita. Sleeve (bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka), pistoni na ringi vyote vipya. Alivyokuwa anaweka sleeve alipitisha rula juu ya kila moja, maana moja ikizama kuliko wenzake gasketi mpya itavuja hapohapo. Ringi alizichomeka kwenye sleeve moja moja anapima mwanya wake kabla hajazivalisha kwenye pistoni, na matundu ya boliti kwenye bloku akayapitisha tepu akayapuliza mpaka yakakauka, kwa sababu tundu likiwa na oili chini boliti inagusa oili kabla haijabana hedi, unasoma umekaza kumbe bado, au hata bloku ikapasuka. Kukaza ni kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, anaanzia katikati anazunguka kwenda nje, mizunguko mitatu, na wakati anakaza mtu haruhusiwi kumuongelesha. Kijana mmoja alimuuliza kuhusu chai akafukuzwa mpaka barabarani.

Kitu kingine nilichopenda, anahesabu vitambaa. Asubuhi anawapa vijana vitambaa kumi, jioni anataka kumi. Siku moja vikawa tisa, walitafuta saa nzima, kikakutwa ndani ya manifodi, bomba la kupeleka hewa kwenye silinda. Fikiria kingepita.

Spea hanunui yeye. Anakuandikia kwenye karatasi unaenda mwenyewe, ili usije ukasema amekula cha juu, ila ukileta anakagua, na hapo ujiandae. Spea za Canter mjini zipo za Japani, za Taiwan, za China, na zile zilizoandikwa Japani ambazo hata aliyeziandika hajui zimetoka wapi. Gasketi yangu ya kwanza aliilaza juu ya ile ya zamani, matundu mawili ya maji hayakulingana, na maandishi yamekaa upande. Akanirudishia bila neno. Dukani wakagoma kurudisha hela, tukabishana, mwisho nikaongeza elfu 40 nikapewa nyingine.

Hela sasa. Seti nzima ya spea za ovahoo yani sleeve pistoni ringi beringi na seti ya gasketi milioni 1 na laki 6 na nusu, kazi zote za mashine 420,000, oili kula 180,000, kuosha rejeta 60,000, themostati na kizibo 55,000, nozeli za kupulizia dizeli kupimwa 80,000, oili pamoja na ya kubadilisha mara ya pili 150,000, ufundi laki saba. Jumla 3,295,000. Mtu atasema si ungenunua injini ya mtumba. Niliwaza hivohivo, ila injini ya mtumba unaiona imepakwa rangi ya fedha unaambiwa imetoka Japani jana, ndani hujui imekula nini, na mi hii kila boliti nimeiona ikifungwa.

Nisimsifie tu. Aliniambia siku sita. Zimekuwa kumi na saba. Kila siku ni "kesho inawaka". Siku za mashine kuchelewa sawa sio kosa lake, lakini kuna siku tatu nzima injini imefunikwa turubai na yeye yuko kwenye tela ya mtu mwingine, simu haipokei. Mi kila siku gari ikilala nahesabu mzigo uliokwenda na watu wengine. Risiti hamna, anaandika kwenye daftari la shule la kurasa 48 na mwandiko anausoma mwenyewe, kwaio kama wewe ni kampuni unahitaji karatasi za EFD, zile risiti za mashine ya kodi, hapa hapakufai. Choo hamna. Mama wa chapati wa jirani ndo ofisi ya mapokezi, yeye atakwambia mzee yupo ama hayupo kwa uhakika kuliko simu. Na kama unataka kuacha gari uondoke usiende, vijana wake wana haraka ambayo yeye hana, ukiwepo mambo yanakwenda vizuri zaidi.

Siku ya kuwasha aliijaza maji akaacha kizibo wazi kwanza hewa itoke, akaipiga starta bila kufungua dizeli mpaka taa ya oili ikazima, ndo akaifungulia. Ikashika mara ya pili. Ilikaa sailensa, yani inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, nusu saa anaushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja kama anapima homa ya mtoto, mpaka themostati ilipofunguka ukaanza kupata moto, akatabasamu mara moja tu. Masharti aliyonipa, kilomita 1,000 za kwanza mzigo nusu, nisiibane kwenye mlima, af nirudi amwage oili na apime tapeti, yani mianya ya valvu. Dereva alinuna kubeba nusu mzigo, nikamwambia kitambaa chake kimenigharimu milioni tatu akanyamaza.

Sa hivi imeshatembea kama 4,000, imepandisha Eyasi mara kibao na mshale haujavuka nusu. Themostati ipo ndani, maji ni yale yenye dawa ya kuzuia kutu sio ya mfereji, na kizibo nimenunua cha pili kipo kwenye droo ya dashibodi.

Kilichobaki ni sili ya nyuma ya krenki, inatoa jasho la oili, matone mawili matatu ukilaza gari usiku. Nimempigia, hakubisha, akasema hiyo ni yake na hatanidai hata shilingi, nilete kesho. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Ijumaa nimepita na gari nikakuta kontena limefungwa, mama wa chapati akaniambia mzee kaenda Moshi msibani, anarudi kesho.