Mtoto mwenye usonji (autism): kitengo cha shule ya umma au kituo cha binafsi?
Wazazi wa Nairobi huulizana swali hili kila muhula. Kwa gharama, shule ya umma inashinda: City Primary, Ngara, ina kitengo cha usonji, yaani madarasa maalumu ndani ya shule, na walimu hulipwa na serikali. Lakini nafasi ni chache, na mwalimu si mtaalamu wa tiba ya usemi. Hapo kituo cha binafsi kinaongoza, ila kila kipindi hulipiwa. Pesa zikikatika, tiba husimama. Hilo huniuma sana, kwani mtoto huyu anahitaji ratiba isiyoyumba. Mpelekeni kwanza kwenye vituo vya serikali vya upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanza 1984. Kama bado hasemi na mna uwezo, anzeni na tiba. Kama anahitaji wenzake kila siku, tafuteni kitengo.