Nakala za solidi za Kirumi: nyota tatu, na karatasi yake itupeni

Niliagiza mtandaoni seti ya nakala tatu za solidi, sarafu ya dhahabu ya Warumi, kwa ajili ya darasa langu la historia ya Kanisa. Zilichukua wiki tano kufika.

Nianze na uzito, maana ndio utakaowaudhi wengi. Kaisari Konstantino alipoanzisha solidi, ratili moja ya Kirumi ya dhahabu ilitoa sarafu 72, yaani kama gramu 4.5 kila moja. Sonara aliiweka ya kwangu kwenye mizani, ikasoma 2.3, akanitazama kwa huruma. Ni shaba iliyochovywa dhahabu. Ukingoni kuna mshono wa kalibu, wakati sarafu halisi ziligongwa kwa nyundo. Sawa, kwa bei ile sikutegemea zaidi.

Ila hiyo karatasi ya maelezo! Inasema sarafu mbili za kwanza zina "malaika". Hapana. Ile ya Kaisari Theodosius II, ya miaka ya 420, ina mwanamke mwenye mabawa, kajifunga mshipi chini ya matiti, kashika msalaba mrefu. Huyo ni Victoria, mungu wa kike wa ushindi tangu enzi za upagani. Kapewa msalaba akaendelea na kazi yake. Ya Kaisari Justin I ilikuja kama miaka 100 baadaye. Mabawa yale yale, lakini mshipi hakuna, vazi ni la kiume, anakutazama usoni, mkono mmoja msalaba, mwingine tufe lenye msalaba juu. Huyu sasa ndiye malaika. Na maandishi ya pembeni bado yanasema VICTORIA! Nilizilaza mbili hizo mezani bila kusema neno, wanafunzi wakabishana hadi kipindi kikaisha. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Ya tatu ni ya Kaisari Justinian II, kati ya 692 na 695. Sura ya Kristo iko upande wa mbele, palipozoeleka sura ya Kaisari. Kaisari mwenyewe kahamia nyuma, kajiandika mtumishi wa Kristo. Ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote, ndevu unaziona uzi kwa uzi, ingawa dhahabu imeanza kubanduka puani.

Niliwaandikia wauzaji kuhusu karatasi. Wakanijibu kwa kunipa punguzo la kununua seti nyingine.