Seti ya waya iliyomaliza rodsta yangu: uzoefu wangu

Hotrodi, yaani magari ya zamani yaliyopunguzwa uzito na kufungwa injini yenye nguvu, nyingi za kujengwa nyumbani hukwama kwenye umeme. Hapa Ohio nimeingia gereji za watu nikakuta injini imeshafungwa, rangi imeshapigwa, ringi zinang'aa, halafu chini ya dashibodi zinaning'inia nyaya zenye vipande vya utepe ambavyo maandishi yake yamefutika. Ukiuliza, unaambiwa gari liko hivyo kwa miaka. Mtu anayeweza kuchomelea chasisi na kushusha injini anaogopa nyaya, na simlaumu hata kidogo. Bolti iliyolegea unaisikia ikigonga. Waya mbovu unakaa kimya mpaka siku unapowasha moto.

Rodsta yangu imeisha na iko barabarani. Kilichonivusha hatua hiyo ni seti ya waya iliyofungwa tayari kiwandani, ya saketi 12, yaani njia 12 za umeme. Watengenezaji wa seti hizi Marekani ni kadhaa na kazi zao zinakaribiana sana, kwa hiyo nitaeleza seti yenyewe bila kutaja jina. Naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua nitaisemea.

Gari lenyewe ni rodsta ya umbo la Ford ya 1932: viti viwili, hakuna paa la chuma, hakuna vioo vya milangoni, na madigadi sikuyafunga. Mwaka ule Ford ilitoa V8 ambayo mtu wa kawaida angeweza kuimudu, yenye nguvu za farasi 65. Vijana wa kusini mwa California wakawa wanatafuta magari hayo yakiwa yamechakaa, wanayavua kila kilicho kizito, wanakwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc kabla ya vita na El Mirage baadaye. Mtindo umetoka huko. Langu nimelifunga injini ya Chevrolet 350, yaani lita 5.7, gia boksi ya otomatiki ya TH350 na difu ya Ford ya inchi 9. Wapo wenye Ford wanaokasirika wakiona Chevrolet ndani ya 1932. Mimi naangalia vipuri, na vya 350 vinapatikana kila kona.

Bodi ni ya faiba. Bodi mpya za chuma zipo, Brookville Roadster wanazitengeneza hapa hapa Ohio na kazi yao inapendeza mno, lakini mfuko wangu haukufika huko. Kuchagua faiba ndiko kulikoamua nusu ya kazi ya umeme.

Kwenye boksi unakuta kisanduku cha fyuzi kilichokwisha kuunganishwa, fyuzi zake, rilei ya honi (swichi inayoendeshwa na umeme), na flasha mbili, vile vifaa vinavyofanya taa zipepese, ya indiketa na ya hazadi. Nyaya zinatoka hapo zikiwa zimegawanywa mafungu: la injini, la taa za mbele, la nyuma, la dashibodi na la usukani. Ganda la waya ni lile linalostahimili joto, si la plastiki ya kawaida inayolainika ikikaa karibu na ekzosi, na kwenye hotrodi kila kitu kiko karibu na ekzosi. Rangi zinafuata mpangilio wa General Motors: waridi kwa moto wa injini, zambarau kwa stata, kahawia kwa taa ndogo za nyuma, na kuendelea. Na juu ya kila waya limechapwa jina la kazi yake, linajirudia urefu wote.

Hayo maandishi peke yake yanarudisha pesa. Umelala chali chini ya dashibodi, tochi umeishika kwa meno, bega limebanwa na mlango, mkononi una waya uliokatwa katikati. Huhitaji kutambaa nao mpaka kwenye fyuzi wala kumwita mtu aguse upande wa pili huku wewe umeshika mita. Unausoma. Unaandika kwenye karatasi, unaunga, unakwenda kwenye unaofuata.

Ushauri mdogo kwa wanaoishi kwenye baridi: usiifungue seti gerejini Januari. Nyaya zinakakamaa na hazikubali kulala zilivyokunjwa. Mimi niliitandaza sebuleni, nikaifunga mafungu kwa vipimo nilivyochukua kwenye gari, ndipo nikaipeleka gerejini ikiwa tayari na umbo lake. Mke wangu alivumilia zulia lake kujaa nyaya, namshukuru.

Fundi aliyejifunzia kwenye magari ya Kijapani, kama mimi nilivyojifunzia Tanga, atakutana na jambo geni kwenye taa za nyuma. Sisi tumezoea breki ina taa yake nyekundu na indiketa ina yake ya manjano. Gari la Kimarekani la mtindo huu linatumia taa moja kwa kazi zote mbili. Waya mweupe unatoka kwenye swichi ya breki, unapanda mpaka swichi ya indiketa kwenye usukani, na hapo ndipo unagawanyika: njano kwenda kushoto nyuma, kijani kilichoiva kwenda kulia. Ukikanyaga breki huku umewasha indiketa ya kushoto, swichi inaitoa taa ya kushoto kwenye breki ili ipepese, ya kulia inabaki imewaka. Maana yake ni kwamba bila usukani kuunganishwa, taa za breki haziwaki hata ufanyeje. Lijue hilo kabla hujaanza kubadilisha swichi ya breki ambayo ni nzima.

Nilimtumia picha shemeji yangu, fundi umeme Dar es Salaam. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Shemeji, hii kwenye Land Cruiser ya zamani si inakubali?" Inakubali, ilimradi gari ni la volti 12 na umeongeza waya wa kutenganisha breki na indiketa. Tangu siku hiyo ananiuliza bei ya kusafirisha.

Sasa faiba, na hapa naomba unisome taratibu. Kwenye gari la bati, bodi ndiyo ethi. Unafunga taa kwa skrubu, skrubu inagusa bati, bati linarudisha umeme kwenye betri. Faiba haipitishi umeme. Kijitabu cha seti kimeandikwa kwa gari la bati, kinakwambia taa ichukue ethi kwenye bodi. Ukikifuata kwenye faiba, taa nyingi hazitawaka kabisa, na nyingine zitafanya mambo ya ajabu: umeme ukikosa njia yake ya kurudi unapenya kwenye taa ya jirani, unawasha indiketa ya kushoto, taa ndogo za kulia nazo zinafifia na kuwaka, taa za dashibodi zinaitikia. Watu wanaanza kuilaumu seti, wakati tatizo ni njia ya kurudi.

Niliweka reli mbili za shaba, moja nyuma ya dashibodi, nyingine kwenye buti. Kila reli imeungwa kwenye chasisi kwa waya mnene, mahali nilipokwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, washa (pete) ya meno ikang'ata, nati ikakazwa, kisha nikapaka grisi juu kuzuia kutu. Kutoka kwenye reli hizo kila kitu kina waya wake mweusi: taa za mbele, za nyuma, taa ya namba, honi, geji zote. Usiisahau geji ya mafuta. Tangi likiwa la plastiki, au la chuma lililokalia mpira, kipimo kilichomo ndani hakina ethi na geji itakudanganya kila siku. Hizo nyaya nyeusi za ziada hazimo kwenye seti, nunua mapema roli nzima.

Injini pia inataka ethi yake. Imekalia mpira, haigusi chasisi moja kwa moja. Betri yangu iko kwenye buti. Hasi imefungwa kwenye chasisi kwa kebo nene, na kutoka chasisi mpaka injini nimeweka utepe wa shaba uliosukwa. Ukiuacha huo utepe, siku unapiga stata umeme wote huo utatafuta njia nyingine, na mara nyingi inakuwa kebo ya akselereta. Inapata moto mpaka ganda lake linayeyuka, na gari lenye kebo ya akselereta iliyoganda ni hatari kwa roho za watu.

Nyota iliyopungua ni kwa haya. Waya wa kuchaji kutoka alternata ni wa geji 10 (hapa geji ni kipimo cha unene wa waya), ambao unafaa alternata ndogo ya zamani. Mtu wa leo anafunga ya amp 100, na hapo nilivuta waya mnene zaidi wenye fyuzi yake. Feni ya umeme ya rejeta haina nafasi kwenye kisanduku. Inataka rilei yake, fyuzi yake na waya wake kutoka kwenye betri. Vichwa vya waya vilivyomo ni vile vya plastiki vya kubana kwa plaizi yoyote, nami sikuvitumia. Nilinunua vichwa vitupu, koleo la meno ambalo haliachii mpaka limebana kisawasawa, na mipira ya kusinyaa kwa joto yenye gundi ndani. Rodsta inanyeshewa mvua mpaka ndani. Ukivuta kiungo kilichobanwa vizuri, waya ukatike kabla kichwa hakijachomoka. Hicho ndicho kipimo changu.

Na flasha. Taa zangu za nyuma zina umbo la tone, la mtindo wa Ford ya 1939, lakini ndani nimeweka LED ili zionekane mchana. Flasha zilizokuja na seti zinafanya kazi kwa joto: umeme mwingi unapita, kibati kinapinda, taa inapepesa. LED zinakula umeme kidogo mno, kibati hakipindi, indiketa zinabaki zimewaka tu. Badilisha, weka flasha ya kielektroniki, ambayo mara nyingi nayo inataka ethi.

Kabla ya kufunga betri nilifanya kipimo ambacho kila fundi wa nyumbani akifanye. Chomoa fyuzi zote, zima kila swichi, kisha weka testa kati ya nguzo ya hasi ya betri na kebo yake. Ikiwaka, kuna mahali umeme unavuja. Isipowaka, rudisha fyuzi moja moja huku unaitazama. Yangu haikuwaka.

Kuwasha injini mpya ya aina hii kunahitaji umeme uwe umekamilika, na wengi hawalijui hilo. Ukiwa na kemshafti mpya (shafti inayofungua valvu) ya tapeti bapa, lazima uishikilie injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika na zaidi kwa dakika 20 hivi tangu inaposhika, ukiwa umeweka oili yenye zinki. Ukiiacha ibubujike silensa, bila kuongeza mafuta, kwa dakika hizo za mwanzo, kemshafti inalika. Maana yake hakuna nafasi ya kusimama urekebishe geji. Geji ya oili, geji ya joto na feni ziwe zinafanya kazi kabla hujagusa ufunguo. Distribyuta yangu ni ya HEI (mfumo wa General Motors wa cheche za kielektroniki), inataka volti 12 kamili, na waya wa waridi wa seti unaipa hizo bila kipingamizi chochote kati. Jirani yangu, mzee mstaafu aliyefanya kazi na magari maisha yake yote, alisimama pembeni na mtungi wa kuzimia moto. Ilishika. Oili ikapanda, feni ikaingia yenyewe joto lilipofika, na mimi nikabaki nimeshika akselereta huku machozi yananitoka.

Usajili wa gari la kujijengea Ohio unapitia ukaguzi wa polisi wa barabara kuu wa jimbo. Wanataka stakabadhi za vipuri, wajue havikuibwa. Tunza karatasi ya kila ulichonunua, hadi ya seti ya waya.

Bei ni dola mia kadhaa, na ukiongeza kebo za betri, roli za ethi, vichwa vya waya na koleo, jumla inapanda kwa kiasi kinachouma. Bado ningeinunua tena. Kama rodsta yako haina kiyoyozi, haina vioo vya umeme na redio yake ni ndogo, saketi 12 zinatosha na kisanduku chake kinajificha vizuri nyuma ya dashibodi nyembamba ya 1932. Ukitaka kiyoyozi au pampu ya mafuta ya umeme, nenda kwenye seti ya saketi 18 moja kwa moja. Nyaya za seti hizi ni ndefu kwa kuwa zimepimwa kwa gari kubwa, hivyo kwenye rodsta utabaki na vipande vingi. Viweke kwenye mfuko pamoja na fyuzi za akiba, maana vina majina na rangi zilezile utakazozihitaji ukipata hitilafu njiani.