Akriliki au Polikaboneti kwa Bodi ya Gari Malindi?

Mafundi wa bodi wa Malindi wanaochonga vipande vya gari au tuktuk kwa plastiki angavu hawajakubaliana kuhusu bamba lifaalo: la akriliki au la polikaboneti.

Akriliki kwa kawaida ni nafuu, tena hustahimili jua, na michubuko yake huondoka kwa msasa laini na dawa ya kung'arishia. Polikaboneti isiyo na utando wa kinga hugeuka manjano, jambo zito katika mji wenye jua kama huu.

Ikigongwa, hata hivyo, akriliki hupasuka, na keekee ikiharakishwa huitia ufa, ilhali polikaboneti hubonyea tu na hukunjika bila moto. Anayetaka kuifinyanga polikaboneti kwa joto ni lazima aikaushe kwanza kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 120 hivi, la sivyo hutoka mapovu, na hewa ya pwani imejaa unyevu.

Zote hutanuka, karibu milimita 2 kwa mita halijoto ikipanda nyuzi 30, hivyo tundu lizidi skrubu. Wala zisisafishwe kwa petroli.

Kwa gari la kupendezesha macho mjini ningechagua akriliki. Kwa tuktuk ya njia za changarawe, polikaboneti yenye utando.